Bambo na Mitego ya Kyubiti

Gunia la kahawa ya maganda, ile inayokaushwa ikiwa bado ndani ya ganda lake kama ilivyozoeleka Bukoba na Muleba, haliwezi kumwagwa sakafuni kila linapouzwa, na ndiyo maana mkaguzi hulidunga kwa bambo, chuma chembamba chenye ncha na mfereji, akachota punje chache kutoka tumboni mwa gunia na kuzitazama, kuzinusa na kuzivunja kwa vidole. Nguvu ya ufundi huo yatokana na jambo dogo: aliyejaza gunia hakujua bambo lingeingilia wapi.

Ufundi wa ukoo huohuo, na pengine wenye uzuri zaidi, umebuniwa kwa ajili ya kompyuta za kwantumu, mashine zinazokokotoa kwa kyubiti, yaani vipashio vya habari vinavyoweza kubeba 0 na 1 kwa pamoja mpaka vipimwe. Mashine hizo ni chache na ziko mbali, hivyo mtafiti wa Bukoba atakayezihitaji hana budi kumkabidhi mwenye mashine hesabu ambayo yeye mwenyewe hawezi kuirudia. Bambo halimfai, kwa kuwa kyubiti ikishapimwa hali yake huvurugika, kana kwamba kudunga gunia kungeiozesha kahawa.

Mwaka 2009 Anne Broadbent, Joseph Fitzsimons na Elham Kashefi walionyesha kwamba mteja anaweza kutuma kyubiti mojamoja, kila moja imezungushwa kwa siri kwa pembe mojawapo kati ya 8 zinazopishana kwa nyuzi 45, na mwenye mashine akatekeleza maagizo yote asijue anakokotoa nini. Baadaye Fitzsimons na Kashefi walichanganya humo kyubiti za mtego, ambazo mteja anayajua majibu yake tangu mwanzo, na kwa kuwa machoni pa mwenye mashine zote ni sawa, akichezea hesabu, au mashine ikikosea, hana namna ya kuikwepa mitego kwa makusudi. Mmoja ukijibu vibaya, kazi yote hukataliwa. Siri iliyowekwa ili kumsitiri mteja inageuka kuwa mizani yake, na hapo ndipo ulipo uzuri wa jambo hili. Mwaka 2013 mitego hiyo ilijaribiwa Vienna kwa fotoni, yaani chembe za mwanga.

Mwaka 2018 Urmila Mahadev alikwenda mbali zaidi: mradi kuwe na fumbo la kihesabu ambalo hata mashine ya kwantumu haiwezi kulifumbua upesi, mteja hahitaji kutuma kyubiti hata moja, bali maandishi ya kawaida tu, ambayo yangeweza kuchapwa kwenye kompyuta ya ofisi ya chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kule Muleba.