Mpini wa Upawa Si Mpini wa Nyundo

Upawa wa kuchotea alumini iliyoyeyuka una maisha magumu kuliko nyundo, lakini mpini wake ukilegea hutengenezwa vilevile kama wa nyundo: unapigiliwa kabari, au unalowekwa kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi unashika. Baada ya siku chache unacheza tena. Nenda Kariobangi Light Industries, Nairobi, ambako pistoni zilizochoka, rimu na sufuria zilizotoboka huyeyushwa zikawa bidhaa mpya, na mpini uliofungwa kwa waya au kipande cha tyubu hutaukosa.

Tatizo linaanza kwenye umbo. Kwa nyundo, shoka na jembe, mbao imo ndani ya chuma. Mbao ikikauka inasinyaa, chuma hakisinyai, nafasi inapatikana. Kabari inaijaza na kazi inaendelea. Kwa upawa, na vilevile kwa faili au kalibu ya vipande viwili yenye mikono, chuma ndicho kimo ndani ya mbao. Msuka, mara nyingi kipande cha nondo cha milimita 10 hivi, umeshindiliwa katikati ya mpini, na nje imevishwa pete ya bomba ili mbao isipasuke.

Sasa mbao hiyo ikauke. Tundu linataka kujibana, lakini msuka uliomo haubonyei. Nyuzi za mbao zinazouzunguka zinapondeka, au mpini unapasuka kwa urefu. Kwa nje mbao inaikimbia pete. Ndiyo maana pete ndiyo huanza kucheza, msuka unafuata baadaye. Anayeigonga pete irudi mahali pake hajagusa ugonjwa. Na anayepigilia kabari kando ya msuka anaumalizia mpini ule ufa ulioanza.

Halafu kuna moto wenyewe. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na mmiminaji huipasha zaidi ya hapo isije ikaganda kabla ya kujaza kalibu. Joto hilo hupanda kwenye nondo hadi ndani ya mpini. Mbao iliyokaa kivulini Nairobi hubaki na unyevu wa asilimia 12 hivi. Ile inayogusana na msuka huupoteza karibu wote. Ikipita nyuzi 200 inaanza kuwa kahawia, na ikikaribia 300 inageuka makaa upesi. Chomoa msuka wa upawa mkongwe uone: tundu jeusi, pana kwa mbele na jembamba kwa nyuma, na unga mweusi unaobaki kidoleni. Hakuna kabari inayoshika kwenye unga.

Maji ndiyo dawa mbaya kuliko zote. Mbao iliyolowa inavimba, inajiponda kwenye pete, na ikikauka inakuwa imelegea kuliko jana. Hilo ni dogo. Chuma chenye unyevu kikizamishwa kwenye alumini iliyoyeyuka, maji hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha alumini usoni mwa mtu. Upawa haulowekwi, basi. Gundi ya epoksi nayo inavutia kwa sababu ni rahisi kupatikana, lakini zile za kawaida huanza kulainika kabla joto halijafikia lile la maji yanayochemka.

Matengenezo niliyoyaona yakidumu hayana gundi wala kabari. Fundi alichomoa mpini, akakwangua makaa yote kwa faili ya mviringo mpaka akafika kwenye mbao nzima. Msuka akaupiga faili upande mmoja, mahali padogo pa bapa, ili ncha ya drili isiteleze kwenye umviringo wa nondo. Akaurudisha ndani, akaivisha pete, kisha akatoboa tundu moja la milimita 4 lililopita pete, mbao, msuka, mbao, na pete upande wa pili. Vyote kwa mkupuo, kwa sababu ukitoboa kimoja kimoja matundu hayakutani. Akapitisha msumari uliokatwa uwe kigingi, akaupondea vichwa kwa nyundo pande zote mbili.

Uzuri wa kigingi hicho ni kwamba hakitegemei mbao kubana. Mbao husinyaa sana kwa upana lakini kwa urefu wa nyuzi zake haisinyai karibu hata kidogo, kwa hiyo tundu la kigingi halihami. Mpini unaweza kukauka upendavyo. Msuka hauzunguki, hauchomoki, na pete imefungwa humo humo. Kigingi kikae penye pete, mbali na kiganja, maana nacho hupata moto.

Ule uwazi uliobaki palipokuwa na makaa aliujaza udongo laini wa mfinyanzi uliochanganywa na sodiamu silikati, ile ile wanayotumia watengeneza sabuni. Mchanganyiko huo unastahimili moto, ila ukaushwe polepole kabla upawa haujasogezwa karibu na tanuri.

Mimi ningeongeza moja, na hapa mafundi wengi watanibishia kwa sababu inaongeza gharama: kata nondo katikati, uchomelee kipande cha bomba la chuma cha pua. Chuma hicho hupitisha joto kama theluthi moja tu ya chuma cha kawaida, na bomba lina chuma kidogo cha kupitishia kuliko nondo nzima. Mpini ukikaa mbali zaidi na moto, hata mkaratusi, ambao husinyaa vibaya ukichongwa ungali mbichi, utafaa kama umekaushwa vizuri kivulini. Mpini ukija kuchakaa, saga kichwa kimoja cha kigingi, kisukume nje kwa tindo nyembamba, uvishe mwingine kwenye msuka ule ule. Tundu la chuma lipo tayari. Linalotobolewa upya ni la mbao tu.