Somo la Mbinu za Utafiti na Lugha ya Anayeulizwa

Katika kurasa za jarida hili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na tenzi. Safari hii namwomba msomaji aniruhusu nihakiki maandishi ya aina nyingine, ambayo karibu kila mmoja wetu ameyaandika na ambayo ni nadra mtu kuyasoma kwa hiari yake. Maandishi hayo ni utangulizi wa kazi ya mwisho wa mzunguko, ile iliyojulikana kwa herufi tatu za TFC, pamoja na somo linalouzaa utangulizi huo, yaani somo la mbinu za utafiti. Mfumo wa LMD ulipoingia badala ya graduat na licence za zamani, majina ya ngazi yalibadilika. Somo lenyewe, kwa kadiri nilivyoshuhudia nikiongoza mazoezi yake, halikubadilika sana.

Utangulizi huo una kanuni zake kama vile utenzi ulivyo na mizani na vina vyake. Hufunguliwa kwa tatizo la utafiti, ikafuata nadharia tete, kisha sababu za kuchagua mada na umuhimu wake, kisha mbinu na zana, kisha mipaka ya mada katika wakati na mahali, na mwisho mgawanyo wa kazi kwa sura. Siubezi mpango huu. Mtu anayelazimishwa kueleza mada yake inaishia wapi analazimishwa pia kufikiri, na wapo waliookolewa na swali hilo wasipotee njiani. Lililotokea ni kwamba umbo limebaki na swali limetoweka. Mwanafunzi huandika kwamba utafiti wake unahusu miaka mitano kwa kuwa kazi ya mwenzake wa mwaka uliopita nayo ilihusu miaka mitano. Huandika kwamba mada yake ina umuhimu wa kinadharia na wa kivitendo, na maneno hayo hayo yangefaa kazi juu ya vitenzi vya Kibemba na kazi juu ya ushuru wa masoko. Niliwahi kusoma utangulizi uliokuwa bado na jina la mtaa wa mada ya mtu mwingine.

Wanafunzi wanasemaje juu ya somo hili? Wale wanaokuja kwenye mazoezi yangu husimulia mambo yanayofanana. Hufundishwa idara kadhaa kwa pamoja, ukumbi ukiwa umejaa hata madirishani. Silabusi hununuliwa, na asiyeinunua huinakili usiku kwa mkono au kuipiga picha kwa simu. Mtihani huuliza maana: mbinu ni nini, tekniki ni nini, zitofautishe. Jibu linalotarajiwa limechukuliwa kutoka katika vitabu vya Kifaransa, hasa kile cha Pinto na Grawitz kilichotoka mwaka 1964 na ambacho Madeleine Grawitz aliendelea kukitanua katika matoleo yaliyofuata. Ni kitabu chenye manufaa makubwa, lakini wanafunzi wengi hawajapata kukishika mkononi. Wanaijua fasili yake moja tu, nayo imepita kazi hata kazi kama noti ya franka iliyochakaa. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba alijifunza mbinu kama alivyojifunza katekisimu utotoni, yaani alijua majibu yote kabla ya kujua kwamba kulikuwa na maswali.

Hapa mwanaisimu ana neno la kusema. Tofauti hiyo kati ya mbinu na tekniki, inayowatoa wanafunzi jasho, haina makao thabiti katika Kiswahili. Neno «mbinu» hubeba zote mbili. Wengine hupendekeza «njia» kwa ile ya kwanza na «mbinu» kwa ya pili, wengine hugeuza. Ningetamani ugomvi huo ufanyike ukumbini mbele ya wanafunzi, kwa sababu anayetafuta neno la Kiswahili kwa ajili ya dhana hulazimika kuielewa dhana yenyewe. Chukua «nadharia tete». Tunaposema kwamba hali ya usalama ni tete, kila mtu katika nchi hii anaelewa kwamba inaweza kuvunjika saa yoyote. Basi nadharia tete ni dai ambalo mwenyewe anakiri kwamba linaweza kuvunjika. Hata hivyo, katika kazi nilizozipitia, karibu kila nadharia tete hufika hitimisho ikiwa nzima, imethibitishwa, haina hata ufa. Mwanafunzi anaogopa kwamba ikivunjika, naye atavunjika nayo mbele ya jopo. Hakuna mahali katika silabusi panapomwambia vingine.

Nije sasa kwenye kisa kilichonifanya niandike makala haya. (Neno hilo lenyewe lingemchekesha jirani yangu, kwani katika Kiswahili cha Lubumbashi makala ni kile ambacho Dar es Salaam wanakiita mkaa. Na kisa changu kinahusu makala ya jirani, si ya jarida.)

Mwanafunzi mmoja, binti wa Katuba, alichagua kuchunguza biashara ya makala katika masoko ya mtaani kwake. Mada ilimkaa vizuri, kwa maana alikulia ndani yake. Jiji linapika kwa makala yanayotoka katika misitu ya miombo, na mengi huingia alfajiri juu ya baiskeli zinazosukumwa kwa mkono. Aliandika hojaji yake kwa Kifaransa kama alivyofundishwa, kisha akaitafsiri kwa Kiswahili ili aweze kuwauliza wauzaji. Katika tafsiri yake ya kwanza aliandika swali kama lisemwavyo kwao: «Munauzishaka wapi makala?» Hojaji ikaletwa kwangu niikague lugha. Nikatoa kalamu nyekundu. Nikafuta kiambishi cha mazoea cha Lubumbashi, nikafuta «-isha», nikaandika kwa Kiswahili sanifu: «Mnauza wapi makala?» Nilijivunia kwamba niliacha neno «makala» lenyewe, ili swali lieleweke.

Wasomaji wa Katanga wameshaliona kosa langu. Katika Kiswahili cha huku, kuuza ni kununua, na anayetaka kusema kwamba anatoa kitu ili apate fedha husema anauzisha. Swali langu safi liliwauliza wauzaji wa makala wananunua wapi.

Binti aliligundua hilo kwa muuzaji wa pili au wa tatu. Mama mmoja alimjibu kwa kutaja kijiji kilichoko mbali kwenye barabara ya Likasi, akaeleza na jina la mwenye baiskeli, na deni alilokuwa nalo kwake. Mwingine, aliyesoma miaka kadhaa na kuzoea Kiswahili cha vitabu, alilielewa swali kwa maana ya sanifu, akamjibu: hapa hapa, huoni? Binti alijua kabisa kilichokuwa kikitokea. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakulibadili swali pale pale sokoni. Akanijibu kwamba somo linafundisha kuwa hojaji husomwa kwa maneno yale yale kwa kila anayeulizwa, la sivyo majibu hayalinganishwi. Kisha akaongeza maneno ambayo sijayasahau: kwamba yeye anakijua Kiswahili cha nyumbani, ila alidhani siku ya utafiti hakihesabiwi.

Jedwali lake likawa na safu moja yenye vitu viwili. Majibu mengine yalikuwa mahali pa kuuza, mengine mahali pa kununua, na baadhi yasingeweza kutenganishwa tena. Lakini kwa bahati hiyo mbaya alikuwa amepata jambo ambalo hakulikusudia: nani anamkopesha nani, makala yanatoka upande gani, na kwa nini bei hupanda mvua zinapoharibu njia. Zaidi ya hayo, alikuwa amepata bila kujua kipimo cha nani sokoni anasikia Kiswahili sanifu na nani anasikia cha Lubumbashi. Mimi niliye na licence ya isimu sikuwahi kupata data nzuri kama ile katika kazi yangu mwenyewe.

Aliandika ukurasa mmoja na nusu kueleza kosa hilo na yaliyotokana nalo, akauweka katika sehemu ya mbinu. Ukurasa huo haukufika mbele ya jopo. Alishauriwa auondoe, kwa hoja kwamba sehemu ya mbinu hueleza mbinu zilizotumika na si matatizo ya mtafiti, na kwamba jopo lingelishikilia jambo hilo. Nilikuwapo, na sikuutetea, kwa sababu kosa lilikuwa langu na ukurasa ulilisema wazi. Mahali pake pakaandikwa sentensi ambayo msomaji anaijua bila mimi kuinukuu, ile isemayo kwamba zana zilizotumika ni hojaji, mahojiano na uchunguzi wa nyaraka. Safu yenye mchanganyiko ikafutwa. Nadharia tete ikathibitishwa. Alipata alama nzuri.

Kisa hiki si cha kitenzi kimoja. Yapo maneno mengine ambayo hojaji zetu huyapita kila siku bila kupiga hodi. Huku mtu anayefanya kazi hutumika. Katika sanifu kinachotumika ni chombo. «Juu ya nini?» huku ni kuuliza sababu, mgeni wa pwani angetazama mezani. Na neno «kazi» lenyewe, ambalo Johannes Fabian aliliandikia makala mwaka 1973 kutokana na wafanyakazi wa Katanga na wafuasi wa Jamaa, lina historia nzito ya mgodi na mshahara ndani yake. Mama anayelima na kuuzisha sokoni tangu alfajiri hadi jioni anaweza kukujibu kwa uaminifu kwamba hana kazi. Mwanafunzi ataandika «hana ajira», atamhesabu katika asilimia, na asilimia itakuwa sahihi hadi nukta ya pili. Somo humfundisha kukokotoa asilimia hiyo. Halimfundishi kuuliza mama alielewa nini.

Wapo watakaosema kwamba nadai makubwa. Msaidizi mmoja husoma rundo la kazi katika majuma machache, na mpango usiobadilika humwezesha kuona upesi kilichokosekana. Nakubali, nami nimeutegemea mpango huo usiku ambapo umeme ulikuwa umekatika na rundo halijaisha. Watasema pia kwamba mwanafunzi lazima ajue kanuni kabla ya kuzivunja. Hilo nalikubali nusu tu. Binti yule hakutaka kuvunja kanuni yoyote. Alitaka kusema kilichotokea, na kanuni ya kwanza ya utafiti, kabla ya zote zilizomo katika silabusi, ni hiyo.

Tena hatuko maskini wa mifano. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa nyumbani wa mji huu kilitoa historia ya Élisabethville iliyotungwa na André Yav, kwa Kiswahili cha hapa hapa, ikaitwa Vocabulaire. Haina nadharia tete. Haina mipaka ya wakati na mahali iliyotangazwa ukurasa wa pili. Hata mipaka ya maneno yake haifuati tahajia tuliyoizoea, kiasi kwamba Fabian, alipoitayarisha ichapishwe pamoja na tafsiri yake mwaka 1990, alihitaji Kalundi Mango aisome kwa sauti ili maana isikike. Nawaomba wenzangu walitazame tendo hilo kama somo la mbinu. Maandishi yalikataa kusomeka kwa macho, basi watafiti wakayarudisha kwenye sikio, kisha wakaeleza kitabuni kwamba ndivyo walivyofanya. Ugumu haukufichwa, uligeuzwa kuwa sehemu ya matokeo. Wanafunzi wa mazoezi yangu, wengi wao wazaliwa wa mji huu, walikuwa hawajasikia hata jina la Yav. Walikuwa wanaijua fasili ya Grawitz.

Mwaka huu nimebadili zoezi moja tu, lililo ndani ya uwezo wa msaidizi. Kila mwanafunzi anaandika hojaji yake kwanza kwa Kiswahili anachokisema nyumbani, anaisoma kwa sauti mbele ya mtu mzima ambaye hajasoma chuo, na anamwomba mtu huyo amweleze swali limeuliza nini. Maelezo hayo huandikwa kama yalivyosemwa, bila kusanifishwa. Kifaransa huja baadaye, na Kiswahili sanifu pia. Wengine wamelalamika kwamba zoezi halimo katika silabusi na kwamba halitaulizwa katika mtihani, na wana haki kulalamika. Mmoja alirudi na ukurasa mtupu: baba yake mkubwa alikuwa amemwambia kwamba maswali yote kumi na mawili yalikuwa swali moja, la kutaka kujua ana fedha kiasi gani, na kwamba hatajibu hata moja. Tulitumia saa nzima ya zoezi juu ya ukurasa huo mtupu.

Nilimtafuta binti wa makala, ambaye sasa anafundisha shule ya sekondari, nikamwomba ule ukurasa na nusu ili niutumie darasani. Alikuwa ameuhifadhi ndani ya nakala yake ya kazi, umekunjwa mara mbili katikati ya sehemu ya mbinu. Alinipa ninakili, akasimama kungoja arudishiwe wa asili.