Kukaa Pamoja Hakutoshi: Juu ya kitabu cha Allport, tukikisoma katika Kasongo na Kabambare

Kitabu tunachotaka kupima hapa kilichapwa katika Marekani mwaka 1954. Mwandishi wake ni Gordon Allport, mwalimu wa saikolojia katika chuo kikuu cha Harvard, na jina la kitabu ni The Nature of Prejudice. Kinaeleza asili ya kitu tutakachokiita hukumu ya mbele, yaani hukumu anayoikata mutu juu ya mwenzake mbele ya kumujua, kwa sababu tu ni wa kabila fulani, wa dini fulani ao wa kijiji fulani.

Musomaji ataweza kuuliza: kitabu cha zamani namna hii, cha Wamarekani waliogombana juu ya rangi ya ngozi, kinatuhusu nini sisi wa Maniema? Tunajibu: kinatuhusu sana, maana mafundisho yake yamefika kwetu bila jina lake. Kila mara vita ao ugomvi unapokwisha, tunaitwa kwa mikutano ya mapatano, na shauri tunalopewa ni moja: wakutanisheni watu, wale pamoja, wacheze mupira pamoja, nao watapendana. Shauri hilo limetoka kwa sehemu kubwa katika kitabu hiki. Inafaa basi mapadri, waseminari na wakatekista walijue lilivyo, na wajue pia linapopunguka.

I. Mazuri ya kitabu

Tuanze na sifa, maana kitabu kinastahili. Allport hasemi kama hukumu ya mbele ni zambi ya watu wabaya peke yao. Anaonyesha kama akili ya kila mutu inapanga vitu kwa mafungu, na bila kufanya hivyo hatungeweza kuishi. Mama anayeokota uyoga katika pori anaupanga upesi katika fungu la chakula ao la sumu. Hatari inaanza tunapowapanga watu vile vile, tukakataa kubadili fungu hata mambo yenyewe yakitushuhudia. Mbele ya Allport, mwaka 1922, mwandishi wa magazeti Walter Lippmann aliazima neno kwa wapiga chapa: lile bamba la chuma linalotoa sura ile ile mara elfu. Herufi zikiisha kuyeyushwa katika bamba moja, huwezi tena kugeuza hata moja. Ndiyo sababu sisi tutasema chapa.

Jambo hili tuliliona kwa macho yetu katika mafundisho ya wakatekista, upande wa Kabambare. Tuliwaomba waandike, bila kutia majina yao, maneno wanayosikia kijijini juu ya watu wengine. Karatasi zilijaa. Wale ni walozi, wale ni wavivu, wale ni wajanja, wale hawapendi masomo. Kisha tuliuliza: je, yuko mutu wa kabila ile ao wa dini ile unayemujua vizuri? Karibu wote walikuwa naye: shemeji, jirani, mwenzake wa kuvua samaki. Na juu yake walisema nini? "Yeye si kama wenzake."

Allport alilijua jibu hilo. Anasema ni kama kufungua lupango kidogo, kumupitisha mutu mumoja, kisha kulifunga tena. Shemeji anasifiwa, lakini kabila lake linabaki na chapa yake.

Sehemu nyingine ambayo padri asiiruke ni ile ya dini. Allport alikuwa Mukristu, naye anatuambia neno chungu: dini inajenga hukumu ya mbele, na dini inaivunja. Uchunguzi wa wakati wake ulionyesha kama katika Marekani watu waliokwenda kanisani, wakihesabiwa wote pamoja, walikuwa na hukumu hiyo kuliko wasiokwenda. Mwaka 1967 yeye na Michael Ross walifasiria zaidi: yuko mutu anayeitumia dini yake apate heshima na kikundi cha kumulinda, na yuko anayeiishi. Wa kwanza ndiye mwenye kuzarau watu zaidi. Tukiwa katika mafungo, ukurasa huo ungetusaidia kama vitabu vingi vya sala.

II. Sharti linalosahauliwa

Sasa tufike kwenye lile shauri la kukutanisha watu. Allport mwenyewe hakusema kama kukutana kunatosha. Aliweka masharti: wanaokutana wawe na cheo sawa katika mukutano ule, wawe na kusudi moja, wasaidiane kulifikia, na wakubwa ao sheria ziwaunge mukono.

Mwaka ule ule 1954, Muzafer Sherif, aliyezaliwa Uturuki, alijaribu jambo kama hilo kwa vijana 22 katika kambi moja ya Oklahoma. Aliwagawa vikundi viwili, akawashindanisha, wakachukiana. Alipowaleta kula pamoja na kutazama sinema tu, waligombana na kutupiana chakula. Lakini maji ya kambi yalipokatika, ikawapasa wote watafute pamoja ni wapi yamezuiliwa, ndipo chuki ilianza kupungua. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya uchunguzi 515 juu ya habari hii. Walikuta kama kwa kawaida kukutana kunapunguza hukumu ya mbele, na kunaipunguza zaidi masharti yale yakiwapo.

Hapo ndipo sisi wa Kasongo tunakisimamisha kitabu, maana kwetu watu hawakukosa kukutana hata siku moja. Muji wa Kasongo ulikua kwa biashara ya pembe na ya watumwa wakati wa Tippu Tip, na njia ya misafara ya kwenda Tanganyika ilipita Kabambare. Watu wa inchi walioingia katika desturi za Waarabu na Waswahili, wakavaa kanzu na kusali Kiislamu, waliitwa Waungwana. Waliobaki na desturi za wazee wao waliitwa Washenzi. Majina hayo hayakuwa ya kabila, yalikuwa ya cheo.

Mwezi wa Aprili 1893 waaskari wa Leta ya Leopold, wakiongozwa na Dhanis, walitwaa Kasongo, na vyeo vikapinduka. Mungwana wa jana akaitwa mwarabize, mutu wa kuangaliwa kwa mashaka. Na mutoto wa yule aliyeitwa mushenzi, akiisha kusoma kwa mapadri, akawa karani. Mwaka 1948 serikali ya Wabeleji ilianza hata kutoa karata ya sifa kwa wale iliyowahesabu kuwa wameendelea.

Muangalie vizuri, wandugu. Vyeo vilipinduka, lakini watu walikuwa wale wale, na soko lile lile. Waliendelea kuoana, kuuziana na kuzikana. Hata luga tunayoiandika hapa iliitwa Kingwana, kwa jina la Waungwana: wamisionari waliwaogopa wenye luga, kisha wakaihubiri Injili kwa luga yao. Kukutana kulikuwako kila siku ya Mungu. Cheo sawa ndicho hakikuwako, wala chini ya Waungwana, wala chini ya Wabeleji. Allport amekitaja cheo sawa kama sharti, kisha anaendelea na safari yake. Kwa sisi sharti hilo ndilo ugonjwa wenyewe. Mutu asimuambie mugonjwa: dawa hii itakusaidia ukiisha kupona.

III. Chapa inatengenezwa wapi?

Tuchukue chapa moja tu tuipime, ile tunayoisikia mara nyingi katika nyumba zetu: Waislamu hawapendi masomo. Imetoka wapi?

Tangu miaka ya 1920 Leta iliwapa wamisionari Wakatoliki wa Ubeleji feza za kuendesha masomo. Waprotestanti walianza kusaidiwa tu baada ya vita vya 1940-1945. Masomo ya Leta yasiyo ya dini kwa watoto Waafrika yalianza mwaka 1954, wakati wa waziri Buisseret, miaka sita tu mbele ya uhuru. Baba Muislamu wa Kasongo alikuwa na njia mbili: kumupeleka mutoto kwa mapadri, akiogopa kama atabatizwa, ao kumuacha kwa mwalimu wa Kurani, ambaye mafundisho yake hayakufungua kazi yoyote ya ofisi. Wengi walishika njia ya pili. Kisha makarani na walimu walihesabiwa, Waislamu wakaonekana wachache, na watu wakasema: hawapendi masomo. Tulijenga mulango kwa kipimo chetu, kisha tukamulaumu aliyebaki inje.

Ushuhuda ni huu: mulango ulipofunguliwa, waliingia. Mwaka 1977 Leta ilifanya mapatano na dini juu ya kuendesha masomo, na baadaye Waislamu nao wakapata masomo ya kukubaliwa na Leta. Mwaka 2012 Ashley Leinweber, Mumarekani aliyefanya uchunguzi katika Maniema, alieleza namna Waislamu, baada ya vita vilivyoharibu inchi, walivyojipanga na kuendesha masomo kwa faida ya watu. Wale waliosemwa kuwa hawapendi masomo walikuwa wanakosa masomo yasiyowaomba kuacha dini yao.

Allport anaitafuta hukumu ya mbele zaidi ndani ya roho ya mutu. Sisi tunasema: itafutwe pia katika orodha ya walimu, katika kiti cha mukubwa wa masomo, katika kugawa mashamba. Mutoto anajifunza kuzarau kwa kuangalia nani ameketi wapi, mbele hata ya kusikia neno moja la matusi.

IV. Hatari ya maneno matupu

Mutu atasema: basi tuwafundishe watu waongee. Kuongea peke yake kuna hatari yake. Mwaka 2010 Elizabeth Levy Paluck aliandika juu ya muchezo wa redio uliotungwa ili kuwafundisha watu wa mashariki ya Kongo kuvumiliana. Katika sehemu fulani, baada ya muchezo waliongeza kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji waongee wao kwa wao. Kweli waliongea zaidi. Lakini uvumilivu wao ulikuwa mudogo kuliko wa wale waliosikiliza muchezo peke yake. Walikumbuka zaidi mabaya waliyotendewa, na hawakupenda sana kuwasaidia watu wasiowapenda.

Na mupira? Mwaka 2020 Salma Mousa alieleza habari za Wakristu wa Iraki waliokuwa wamefukuzwa kwao na vita. Timu zao nyingine zilitiwa wachezaji Waislamu, nyingine hazikutiwa. Waliocheza na Waislamu waliwapenda wenzao, wakakubali kufanya mazoezi nao na kuwachagua kwa zawadi. Lakini inje ya kiwanja, katika mambo kama kwenda kula katika muji wa Waislamu, hawakubadilika sana. Ni lile lupango la Allport: lilifunguliwa kwa wachezaji wenzao, likafungwa tena.

V. Sisi wenyewe

Hatuandiki haya kama watu walio inje. Katika parokia moja tulikaa katika komite iliyotafuta mwalimu. Mumoja wa walioomba kazi alikuwa Muislamu, mwenye diploma kuliko wote. Wanakomite wote walimujua, na siku ya Idi walikula kwake. Hakuna aliyesema neno baya juu yake. Mumoja alisema tu: "Wazazi watafikiri nini?" Wote wakanyamaza, na sisi pia tukanyamaza. Kazi akapewa mwingine. Kesho yake yule mwalimu alitusalimu njiani kwa heshima kama siku zote, nasi tulifahamu kama urafiki wetu haukuwa umemusaidia kitu.

Tunakumbuka Natanaeli, aliyesikia jina la Nazareti akaona hakuna kizuri kinachoweza kutoka kule. Filipo hakubishana naye. Alimuambia aje aone. Shauri la Allport ni la Filipo, nalo ni zuri. Lakini Natanaeli alifika pale Bwana alipo, si mahali ambapo yeye ndiye mwenye kiti na Munazareti ndiye mwenye kuomba. Tena Konsilio ya pili ya Vatikano, mwaka 1965, katika maneno yake juu ya Waislamu, haikuomba mapatano ya moyo peke yake; iliomba pia tuilinde na kuikuza pamoja nao haki kati ya watu.

Kwa hiyo tunasema: kitabu hiki kisomwe katika seminari, na kisomwe chote, hasa masharti yake. Kisha kila mumoja wetu, padri ao mukatekista, arudi kwake na kuuliza maulizo matatu. Katika kazi zilizo mukononi mwetu, nani hawamo, na tangu lini? Sababu tunayoisema ni ya kweli, ao ni chapa? Na siku ile neno la kumutetea mwenzetu linapohitajiwa katika komite, tutalisema, ao tutangoja Idi tukale kwake?