Watu wa Mvita na mizani zao

Mtunzi wa mashairi utamjua kwa vidole. Midomo inacheza bila sauti, gumba linapita juu ya vidole vingine, likifika nane linatulia kidogo, kisha linaanza upya. Hata huku Mahongole, ambako bahari tunaijua kwa kusimuliwa na upepo unatufikia ukitoka mashamba ya mahindi na viazi, vidole hivyo vipo. Utaviona kwa mwalimu anayetunga shairi la mahafali, au kwa mzee aliyezoea kupeleka beti zake gazetini kwa njia ya posta.

Nane na nane, 16 kwa mshororo. Kipande cha kwanza ni ukwapi, cha pili ni utao, kila kimoja kina kina chake, na mishororo minne inatimiza ubeti. Nitunge mshororo mmoja hapa hapa: Baridi ya Makambako, humla asiyelima. Hesabu nami. Katika “humla” ile m inasimama peke yake, kwa hiyo neno lina mizani tatu. Katika “Makambako” m imefuatana na b zikaingia pamoja kwenye silabi moja, basi neno zima ni nne. Sikio la mtunzi linaipata tofauti hiyo kabla akili haijaieleza.

Sasa nimejifunga. Mshororo wa pili na wa tatu lazima ukwapi uishie ko, na utao uishie ma. Ma haina shida, lugha imejaa ma: hekima, kisima, huruma, kusimama. Ko ndiyo mtego. Mtunzi mchovu ataleta huko, kisha kwako, kisha kuliko, na akifika ubeti wa tatu akiba imekwisha, hasa kama ameahidi mtiririko, yaani vina vilevile tangu mwanzo hadi mwisho. Mafundi wana njia zao za kujinasua. Inkisari hufupisha neno, mazida hulirefusha, tabdila hubadili sauti yake, na ipo ruhusa ya kuboronga sarufi ili neno lenye kina likae mahali pake. Ruhusa hizo zina bei. Ukizitumia mno shairi linachechemea, nami nikiona “hakika” na “kweli jama” zimejazwa mwishoni mwa kipande kutimiza nane tu, huwa naweka karatasi chini.

Sisi wa bara wengi tulizipata sheria hizi kutoka kwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, aliyetoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954. Alikuwa kiongozi wa Waislamu wa Ahmadiyya, akawa meya wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria, akafariki mwaka 1964. Jina lake liko kwenye uwanja wa mpira wa Arusha, na nadhani wengi wanaoshangilia mabao pale hawajui kwamba mwenye jina alikuwa hodari wa kupima silabi.

Ila ukitaka kuziona sheria zikifanya kazi miaka mingi kabla ya kitabu hicho, nenda Mombasa, Mvita ya wenyewe. Kinachonivuta kwa washairi wa mji ule ni kwamba kila mmoja alikuwa na shughuli yake nyingine, na shughuli hiyo iliingia ndani ya mizani bila kuzipanua.

Muyaka bin Mwinyi Haji aliishi takriban kati ya 1776 na 1840, enzi ambazo Wamazrui walikuwa wakiutawala mji na kushindana na Maseyyid wa Oman. Tungo kubwa zilizokuwa zikiheshimiwa pwani wakati huo zilikuwa tenzi ndefu za dini, nyingi zikitoka Pate na Lamu. Muyaka alilichukua shairi la mishororo minne akalipakia kila kilichopita mtaani: siasa ya watawala wake, biashara na hasara yake, mapenzi, wivu wa nyumbani, kejeli kwa majirani. Tungo zake ni fupi mno. Nyingine ni ubeti mmoja tu, na shughuli imekwisha.

Ustadi wake mkubwa ulikuwa katika kujibizana. Mwanzoni mwa karne ya 19 majeshi ya Mombasa na Pate yalishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela, na maneno yalikuwa yakirushwa kabla na baada ya silaha. Lamu walikuwa na Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na malenga. Huku kwetu ubishi wa namna hiyo hufanyika kilabuni penye ulanzi, na mara nyingi mwenye sauti kubwa ndiye huondoka ameshinda. Malumbano ya washairi yanadai zaidi. Anayejibu huingia katika bahari ya mwenzake, yaani aina ile ile ya shairi, akafuata mizani za mwenzake, mara nyingi na vina vya mwenzake, ashinde akiwa ndani ya ua aliojengewa na adui. Mwaka 1837 Seyyid Said wa Oman akawaondoa Wamazrui, na Muyaka, aliyekuwa sauti yao, akaishi akiona mwisho wa waliokuwa wakubwa wake.

Zaidi ya karne moja baadaye, sanaa hiyo ikaingia selo. Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946, akaajiriwa katika hesabu za baraza la mji, na akajiunga na chama cha upinzani cha KPU cha Oginga Odinga. Mwaka 1968 aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? na kwa waraka huo akafungwa miaka mitatu, muda mrefu akiwa peke yake. Mashairi aliyaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni.

Watu huisimulia habari ya karatasi hizo kama kisa cha ushujaa, na ni haki yao. Mimi hukaa zaidi kwenye ufundi. Karatasi inaweza kunyang'anywa wakati wowote, lakini mshororo wenye vina viwili na mizani kamili unakaa kichwani, na neno likipotea, pengo lenyewe linakuambia lililopotea lina silabi ngapi na linaishia na nini. Ukali wa umbo ambao wapinzani wa vina huuita minyororo, kwa mtu aliyenyimwa daftari ulikuwa ndio daftari. Nasema hivyo nikiwa msomaji mpenzi wa Kichomi cha Kezilahabi, kitabu cha mwaka 1974 kilichoziacha kanuni hizo makusudi.

Kuna jambo jingine katika Sauti ya Dhiki, diwani iliyotokana na kifungo hicho na kuchapwa mwaka 1973. Malumbano yanahitaji watu wawili, na Abdilatif hakuwa na mtu. Ndipo katika shairi la Mnazi akawatunga wawili wanaougombania mti mmoja, huyu anadai, yule anajibu, na mtunzi hampunji yeyote kati yao. Kila upande unapewa hoja zake kwa nguvu ile ile, mpaka msomaji anajikuta akiyumba. Katika Mamba anafumba kwa mnyama, na fumbo halifunguki popote ndani ya shairi. Hilo ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu mtunzi mwenye uchungu hutamani kutaja jina. Mwaka 1974 diwani hiyo ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya fasihi, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Wakati huo mwenyewe alikuwa Dar es Salaam, akifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Baadaye akaenda BBC London, kisha akafundisha chuo kikuu Leipzig, Ujerumani.

Ndugu yake Ahmad Nassir Juma Bhalo, aliyezaliwa mwaka 1936, alishika njia tofauti kabisa. Alikuwa mchoraji. Malenga wa Mvita, diwani yake ya mwaka 1971, haina selo wala mamba, ina mawaidha, maswali na mapenzi, na ulaini unaoweza kumdanganya msomaji wa haraka akadhani ni rahisi. Tungo zake zilipitia mtihani ambao karatasi haina, maana binamu yake Mohamed Khamis, ambaye wapenzi wa taarabu wanamjua kwa jina la Juma Bhalo, aliziimba. Mwimbaji akifika mahali mizani imepungua hana pa kujificha. Atairefusha irabu, na wasikilizaji wote watasikia kiraka.

Huko Mombasa wanawake nao walikuwa na ulingo wao, vikundi vya lelemama vilivyoshindana kwa ngoma, mavazi na nyimbo za kurushiana vijembe, na vugo za harusini. Majina ya watungaji hayakubandikwa kwenye majalada, kwa hiyo wasomi wa diwani huwapita haraka. Si haki.

Ahmad Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyefanyia kazi zake nyingi Mombasa na kufariki mwaka 2017, aliutumia utenzi kuweka ujuzi ghalani. Katika Sambo ya Kiwandeo anaeleza jinsi chombo kinavyoundwa, na katika Umbuji wa Mnazi anaupitia mnazi na matumizi yake. Mtu wa Mahongole asiyewahi kugusa mlingoti wa jahazi anaweza kusoma beti zile akatoka na majina ya sehemu ambazo hajawahi kuziona. Mizani nane kwa kipande, na kila kipande kina kifaa ndani.

Na Muyaka tunaye kwa sababu ya mtu wa kazi nyingine tena. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, msomi wa Mombasa, alizikusanya beti za Muyaka miongo kadhaa baada ya mtunzi kufa, akishirikiana na mmisionari Mwingereza William Taylor. Maandiko hayo yamehifadhiwa London, katika maktaba ya SOAS. Mhariri Hichens alichapisha diwani ya beti hizo mwaka 1940, na msomi Mohamed Abdulaziz akairudia kazi kwa kina mwaka 1979. Bado ziko beti ambazo mizani zimetimia, vina vimekaa, kejeli inakata, na aliyekejeliwa hajulikani. Watu wa Mvita walioisikia siku ile hawakuhitaji kuelezwa, maana mhusika alikuwa akikaa mtaa wa pili.