Dereva wa Nazaré

Picha zinazotoka Nazaré, Ureno, humwonyesha mtu mmoja mdogo juu ya ubao na ukuta wa maji nyuma yake. Mimi humtafuta asiyeonekana pichani: dereva wa pikipiki ya majini aliyemvuta kwa kamba.

Wimbi la ukubwa ule hukimbia mno. Hakuna mikono itakayopiga maji hadi ilidake. Isitoshe, chini ya bahari ya Nazaré pana korongo ambalo huko mbali lina kina cha kilomita tano hivi, na kichwa chake kinafika karibu kabisa na ufuo. Wimbi linalopita juu ya korongo halipungui mwendo, ila sehemu iliyo kwenye maji machache pembeni hupungua. Hapo wimbi hupinda, pande zake zikakutana mbele ya ufuo wa Praia do Norte na kupandana. Kilele hakichagui mahali pamoja siku zote. Dereva sharti akisie kitakapoinukia, akisaidiwa kwa redio na mwenzake aliyesimama juu ya jabali, penye mnara wa taa, anakoiona mistari ya mawimbi mapema.

Mawimbi huja kwa makundi. Dereva stadi mara nyingi huliacha la kwanza lipite, hata liwe zuri namna gani, kwani aangukaye kwenye la kwanza huangukiwa na yote yanayofuata. Kujizuia huko, huku injini inanguruma na mwenzake ameshika kamba, ndiko ninakokuheshimu kuliko kasi yoyote.

Kamba ikishaachiwa, dereva hufuata nyuma ya wimbi. Mwenzake akianguka, lazima aingie kwenye povu kumtafuta, na povu ni maji yaliyojaa hewa: pampu ya injini hukosa maji ya kusukuma, chombo kikapoteza nguvu. Wimbi jingine liko nyuma kwa sekunde 15, pengine 20.

Oktoba 2013 Mbrazili Maya Gabeira alianguka hapo, akavunjika mguu na kuzimia majini. Dereva wake, Carlos Burle, alimfuata, akamfikisha ufuoni, ambako Gabeira alihuishwa. Gabeira alirudi, na Februari 2020 aliteleza kwenye wimbi la mita 22.4, rekodi ya wanawake. Aliyemvuta siku ile ni Mjerumani Sebastian Steudtner. Oktoba mwaka huohuo Steudtner mwenyewe ndiye aliyevutwa, kwenye wimbi la mita 26.21.