Namna ya Kuipima Kompyuta Inayosema

Watu wengi wakitaka kuipima kompyuta inayosema huanza na utamu wa sauti. Wanasikiliza sentensi mbili, wanasema hii inaongea kama mtu, ile inakwaruza, na hukumu imekwisha. Mimi nauweka utamu mwisho kabisa. Sisi tunaosoma kwa masikio kutwa nzima tuna swali letu la kwanza: ukibonyeza Control, inanyamaza papo hapo? Programu nzuri ya kusoma skrini hukatika katikati ya silabi. Ukigusa mshale wa chini, mstari mpya unaanza kusomwa kidole kikiwa bado hapo. Ikikawia kidogo tu, ucheleweshaji ule unajirudia kwa kila mstari, na jioni kichwa kinauma ilhali kazi haijafika popote.

Hapa mtaani kwetu Makorora mashine nyingi zinazotufikia ni za mtumba, na hewa ya bahari haina huruma na vyuma. Basi mkono utangulie sikio. Pitisha vidole vya shahada juu ya F na J. Vinundu viwili vilivyopo hapo ndipo mikono yetu inapojipanga. Kwenye kibodi iliyochoka vimelika, na mwandishi asiyeona anapotea safu nzima bila kujua. Tafuta kitufe cha Insert, kwa kuwa ndicho cha kutolea amri katika NVDA, programu ya kusoma skrini. Kwenye mashine ndogo mara nyingi kimebanwa pamoja na Fn. Hilo lisikufanye uikatae mashine, maana kazi hiyo inaweza kukabidhiwa Caps Lock.

Kisha hedifoni, na hapa naomba tusiharakishe. Chagua za waya. Zile za Bluetooth zinapendeza, ila nyingi hulala sauti ikitulia, na zinapoamshwa humeza silabi ya kwanza. Kwa msomaji wa Kiingereza hasara yake huenda ikawa ndogo. Katika Kiswahili ukanushi mara nyingi umekaa mwanzoni mwa neno. Barua imeandikwa "hatutalipa," wewe unasikia "tutalipa." Imeandikwa "hamruhusiwi," sikioni inafika "mruhusiwi," angalau hapo utashtuka, ile ya kwanza haishtui mtu. Kifaa kinachoweza kugeuza kataa kuwa kubali hakifai kwa kazi ya ofisi, kiwe cha bei gani. Jaribu hivi: nyamaza kwa muda, kisha bonyeza mshale mara moja tu na usikilize kama neno limefika zima.

Sasa sauti yenyewe. NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kisha James Teh akajiunga naye, wote wawili Waaustralia wasioona, hutolewa bure na huja na eSpeak, sauti yenye Kiswahili ndani yake. Sehemu kubwa ya sauti ya eSpeak haikurekodiwa kinywani mwa mtu. Inatengenezwa kwa hesabu. Ndiyo maana ni kavu, na ndiyo maana pia haichukui nafasi kubwa, haihitaji intaneti, na maneno yake hubaki yamechambuka hata ikikimbia kupita maneno 400 kwa dakika. Microsoft wana Rehema na Daudi kwa Kiswahili cha Tanzania, Zuri na Rafiki kwa cha Kenya. Ni sauti za kuvutia, nazo nazipendekeza kwa kusikiliza makala ndefu umetulia, mtandao ukiwepo. Kwa kuandika na kuhariri, eSpeak inazishinda.

Sentensi yangu ya kupimia sauti ni hii: "Pole, ng'ombe wake wamekwama pale Same." Pole, wake, pale na Same yote yanafanana kwa herufi na maneno ya Kiingereza, kwa hiyo sauti iliyowekwa kwenye lugha isiyo yake inajifichua mara moja. Ng'ombe anapima kama ile alama ya juu inaeleweka au inalikata neno vipande viwili.

Faili nalo lina ubora wake. Lifungue kwenye kivinjari ubonyeze H. Ukirushwa kutoka kichwa cha habari hadi kingine, aliyeliandaa anajua kazi. Ukiambiwa hakuna kichwa, ujue amenenepesha herufi tu, na wewe itabidi usikilize kurasa zote kutafuta aya moja. Barua iliyopigwa picha ikaitwa PDF ni mbaya zaidi: ukurasa umejaa maandishi na kompyuta haina la kusema.

Na mtumiaji hodari utamtambuaje? Kompyuta yake haisemi sana. Anaikatiza, anaruka, anachukua anachotaka. Lakini kabla ya kutuma barua anabadilika kabisa: anarudi herufi kwa herufi. Anajua kwamba "kwa sababu" na "kwasababu" huweza kusikika sawasawa, na kwamba nafasi iliyozidi katikati ya maneno haina sauti. Kwenye majina ya watu anasikiliza kama sauti inapanda kidogo, ishara ya herufi kubwa. Aliyepitia nukta nundu, kwa mfano katika Shule ya Wasioona Irente kule Lushoto, ana faida kubwa hapa, kwa kuwa tahajia aliigusa kwa vidole kabla ya kuisikia. Mzazi, usikubali mwanao aachishwe nukta nundu eti kwa sababu amepata kompyuta.

Ukienda kununua, nenda na NVDA kwenye flashi. Inafanya kazi kutoka humo humo bila kusakinishwa. Mwombe muuzaji aichomeke, jaribu Control, jaribu mshale, soma ile sentensi ya Same. Muuzaji akikataa, usitoe pesa.