Makosa ya chapa katika vitabu tunavyovipenda

Mara ya kwanza tunasoma kitabu kwa njaa: macho yanakimbia mbele, na akili inajaza yenyewe herufi iliyokosekana. Mara ya tatu ndipo tunaona neno lililorudiwa, mstari ulioruka, namba ya ukurasa isiyo yake. Wengine wanakasirika na kusema kitabu ni kibaya. Wengine wanasema ni jambo dogo tu. Wote hawakupima vizuri.

Kwanza, si kila kosa ni dogo. Mwaka 1631, huko London, Robert Barker na Martin Lucas, wapiga chapa wa mfalme, walitoa Biblia ya Kiingereza ambamo neno la kukataza lilikosekana katika amri ya sita. Wakatozwa pauni 300. Kwetu hatari ni karibu zaidi, maana katika Kiswahili kukataza ni silabi moja katikati ya neno. Ondoa «si» katika «usizini»: kilichobaki kinaamuru dhambi yenyewe. Nao wanaomsikiliza katekista bila kuwa na kitabu watajuaje?

Pili, si kila kosa ni la mpiga chapa. Mwaka 1590 Papa Sixtus V alitoa Vulgata yake. Makosa ya chapa yalisahihishwa kwa kalamu ao kwa vipande vya karatasi vilivyobandikwa. Lakini jambo lililowasumbua watu zaidi ni maneno ambayo Papa mwenyewe aliyageuza. Alipokufa mwaka uleule, makardinali walizuia kitabu kisiuzwe. Toleo jipya likatoka mwaka 1592, chini ya Clemens VIII. Utangulizi wake, ulioandikwa na Mtakatifu Roberto Bellarmino, ulilinda heshima ya marehemu, lakini ulimtwika mpiga chapa mzigo usio wake wote. Mimi nasifu zaidi toleo la mwaka 1598: liliorodhesha wazi makosa ya matoleo ya 1592 na 1593, hata na yale yake lenyewe.

Basi, ndugu msomaji, ukikuta kosa katika kitabu unachokipenda, linganisha kwanza na chapa nyingine. Labda ni neno ambalo mwandikaji alilichagua. Kisha andika sahihisho pembeni, usilifute neno lenyewe, ili atakayesoma nyuma yako aone yote mawili na kuamua.